Mkono wa Kusalimia

Watu wanaosema kazi ya kukaa haichoshi hawajawahi kukaa. Mimi nimekaa miaka mingi, hapa hapa kijijini Tulia, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, nikisikiliza sauti za watu nisiowajua na kuandika wanayosema. Ndiyo kazi yangu. Mtu anarekodi mkutano wa wafugaji kule Tseikuru, au mahojiano na mama fulani wa Makueni juu ya mbegu za mtama, anaituma ile sauti kwa mtandao, nami naigeuza kuwa maandishi: kwanza Kikamba kama kilivyosemwa, halafu Kiswahili chini yake. Neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi. Wanaonitumia kazi hiyo sijawahi kuwaona, na wale ninaowasikiliza hawajui kama niko duniani.

Majirani zangu wanalima. Kulima ni kazi inayoonekana. Mtu akipita anakukuta umeinama na anakusifu. Mimi anayepita ananiona dirishani nimekaa tangu asubuhi, hedifoni masikioni, na akiniita siitiki. Kwa hiyo nilipata sifa mbili, uvivu na maringo. Ya kwanza niliicheka tu, maana wanaonisema nawajua wanaamka saa ngapi. Ya pili iliniuma, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Nilizaliwa Kalamba, nikaolewa huku Kitui. Mume wangu akafariki. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu pekee, anafanya kazi ng'ambo, na tunaonana kwenye skrini mtandao ukikubali. Ndugu zangu walinishauri nirudi Kalamba, na walikuwa na haki ya kunishauri, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi naiona mpaka leo kila ninapoingia kikao cha wanawake wa huku. Nilikataa. Sehemu ilikuwa ukaidi, ambao nimejaliwa. Sehemu nyingine, cheka ukitaka, ilikuwa ule mstari wa kanisani.

Kanisa letu, ibada ikiisha, hatutawanyiki ovyo. Mchungaji anatangulia nje huku kwaya inaimba, wazee wanamfuata, halafu benchi moja baada ya jingine. Anayetoka anampa mkono mchungaji, anampa mkono mzee wa kwanza, wa pili, anaendelea hivyo hivyo mpaka afike mwisho, kisha anasimama hapo awe sehemu ya mstari na kusubiri wanaokuja nyuma yake. Mstari unazunguka ua, unapita nyuma ya choo, unarudi. Wa mwisho akimaliza, hakuna mtu katika kanisa zima ambaye hajashikana mkono na kila mtu. Waliogombana wanashikana. Mdeni na mdai wanashikana. Jua linachoma na watoto wanalia njaa, lakini hakuna anayeondoka.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu mzima huona haya kulisema. Ukiishi peke yako, hakuna anayekugusa. Watu huwaonea wajane huruma kwa mambo makubwa, shamba, karo, paa linalovuja. Hili dogo hawalifikirii. Unaweza kumaliza wiki nzima ukiwa umeshika kikombe, ufagio, kibodi na shingo ya kuku, na ngozi ya binadamu mwingine hujaikaribia. Ule mstari wa Jumapili ndio uliokuwa mgao wangu. Viganja vyote vile, vya mawe, vya unga, vya jasho, vya watoto vyenye sukari, vilipita mkononi mwangu kimoja baada ya kingine, na nilipofika nyumbani nilikuwa na joto la kunifikisha Jumapili nyingine.

Na katika viganja vyote kulikuwa na kimoja nilichokingoja zaidi. Kuna mama mzee anayeuza ndengu sokoni, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Yeye hapeani mkono, anaukamata wako. Anaukamata, anautikisa mpaka begani, kisha anakataa kuuachilia. "Wimuseo?" anakuuliza kama uko mzima, na huo ni mwanzo tu. Kwenu kuko aje? Mtoto amepiga simu? Ile mbuzi ilizaa? Watu nyuma wanasukumana, mzee wa kanisa anakohoa, yeye hajali. Mkono haupati mpaka umjibu yote. Nilikuwa nafikiria majibu tangu Ijumaa.

Basi ukaja kuuma mkono wangu huo huo wa kusalimia, wa kulia.

Haukuanza kwa kishindo. Bandu bandu huisha gogo. Kwanza kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa vikifa ganzi, nikavitikisa kama mtu anayekung'uta maji. Kisha nikaanza kuamka asubuhi nikiwa na mkono ambao si wangu, mzito na umevimba, nauinua kwa ule mwingine. Halafu maumivu yakakaa kwenye kifundo, chini kidogo ya kiganja, moto mwembamba uliopanda mpaka kwenye kiwiko. Nilishindwa kukamua kitambaa. Nilishindwa kufungua chupa ya mafuta, nikaketi nayo sakafuni nikailaani.

Niliendelea kuandika. Kuandika niliweza kuvumilia, kwa sababu unaumia peke yako na hakuna wa kukuangalia uso. Mstari ndio ulionishinda. Jumapili moja fundi mmoja wa mawe alinisalimia kwa moyo safi na nikaona nyota mchana. Nilimeza. Nikapita kwa wengine nikiwa nimekaza meno, natabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikafika kwa mama wa ndengu. Akaukamata kama kawaida yake, akatikisa, na kabla sijajua ninachofanya niliunyakua mkono wangu kutoka kwake.

Huku kwetu mkono haunyakuliwi. Ukimnyima mtu mkono umemtangazia jambo, na akikupa ukaunyakua umemtangazia mbele ya watu. Yule mama alikitazama kiganja chake, akakigeuza, kama anayetafuta uchafu alionipaka. Nami badala ya kumwambia ukweli niliona haya, nikasonga mbele.

Baada ya hapo nikawa natoka kabla ya baraka. Nilijitengenezea visababu: nimeacha kitu jikoni, nasubiri simu. Nilikuwa natembea haraka nikiusikia wimbo wa kutokea nyuma yangu, na wiki ikawa ndefu kuliko nilivyodhani wiki inaweza kuwa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi kilio changu kilikuwa hakisikiwi na mtu.

Nilikwenda hospitali mjini Kitui. Daktari, kijana mpole aliyechoka, aliugonga mkono kwa kidole, akaukunja, akaniuliza kama nasikia shoti. Nilisikia. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo kwa sababu ya kazi ya kujirudia. Akaniandikia dawa na mkanda wenye chuma cha kunyoosha mkono, akaniambia nipumzike.

"Nipumzike nikule nini, daktari?"

"Basi ubadilishe vile unafanya kazi," akasema. "Mkono unyooke kutoka kwa kiwiko mpaka vidole. Usikunje juu, usikunje kando. Tafuta mausi ingine, keyboard ingine. Kuna za watu wa shida kama yako."

Alisema hivyo kama mtu anayekutuma dukani ukanunue chumvi. Nilidhani nitaingia, niulize mausi ya wagonjwa, nipewe, nirudi nyumbani. Kumbe kipanya ni kama kiatu. Hakuna kizuri wala kibaya, kuna kinachokutosha na kinachokutoa malengelenge.

Cha kwanza nilichonunua hakikuwa hata kipanya, kilikuwa kijimto laini cha kulalia kifundo wakati unaandika. Kilikuwa rahisi na kilikuwa cha rangi ya zambarau, nikakipenda. Niliuegemeza mkono juu yake siku nzima, na uzito wote wa mkono ukakandamiza mahali pale pale palipobanwa. Baada ya wiki moja ganzi ilikuwa inanishika usiku na mchana pia. Nikakifanya cha kuchomekea sindano.

Halafu nikarudi mjini, kwenye duka moja la kompyuta karibu na soko. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Kitui, ila babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake bado kina chumvi ya huko. Maduka mengine wanakuambia ukifungua boksi umenunua. Yeye alichukua kisu akafungua boksi mwenyewe, akaniwekea kipanya juu ya kaunta. Kilikuwa kimesimama wima kama nundu ya ng'ombe, ukikishika mkono unakaa ubavu, kama mtu anayetaka kusalimia. Hilo tu lilinivutia kuliko maelezo yote. Nikakishika.

"Nyoosha vidole, dada, nikuone," akasema. Akaushika mkono wangu kwenye kifundo, akaugeuza taratibu, akatazama vidole vyangu vinafika wapi. "Hiki kikubwa kwako. Vidole havifiki kwenye vitufe, utakuwa unavivuta. Kitakuumiza."

Nilimwacha aushike mkono zaidi ya ilivyohitajika. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu nilipoanza kukimbia kanisani, na yule daktari simhesabu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamwambia nakichukua hivyo hivyo. Nilijiambia vidole vitazoea. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamume anayetabasamu, kiganja chake kama sahani, na nikamwamini yeye nikamwacha aliyenishika mkono.

Vidole havikuzoea. Mama yule alikuwa amesema kweli, na kila nilipobonyeza nilikuwa navivuta kama anayejaribu kufikia kitu juu ya kabati. Kifundo kikapoa kidogo, maumivu yakahamia mgongoni mwa mkono.

Nikajaribu kuacha mikono kabisa. Kuna programu unayoisemesha, nayo ikaandika. Kikamba haikukijua hata salamu, na Kiswahili changu cha huku ilikuwa inakikunjia uso. Nilikuwa nasikiliza sentensi ya mfugaji, naisimamisha, kisha nairudia kwa sauti, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Siku nzima nikisema na ukuta. Jioni jirani akaniuliza kwenye ua, kwa furaha ya kweli, "Leo ulikuwa na wageni? Nilisikia mkiongea tangu asubuhi." Nikamwambia ndiyo, walikuwa wachache, wameenda. Niliingia ndani nikaifuta ile programu, na nililia.

Ndipo walipokuja wanawake watatu wa kanisa. Niliwaona dirishani wakipita kando ya uzio, wamevaa leso za vikao, na nikajua si wageni wa kunywa chai tu. Mbele alikuwa mwenyekiti wa kina mama, katikati mweka hazina wao, na nyuma, akiwa amenyamaza tofauti na siku zote, mama wa ndengu. Waliketi. Waliomba. Chai ilipokuja hawakuigusa.

"Mwaitu," mwenyekiti akaanza, na alipoanza na neno hilo, ambalo ni mama yangu, nikajua mambo ni mazito, "sisi tumetumwa na upendo. Siku hizi wewe unatoka kabla ya baraka. Hutaki kusalimia watu. Sasa tumekuja kukuuliza, umekwazwa na nani?"

"Sijakwazwa na mtu."

"Ukweli uko na shida gani? Kama ni mimi, sema. Kama ni mambo ya hapa kwa boma yenu, sema."

"Ama ni mimi," mama wa ndengu akasema akiangalia sakafu. "Mimi ndiye ulinyang'anya mkono. Nimefikiria sana ile kitu nilikufanyia, sijaona."

Sijui ningefanya nini kama ningekuwa nimelala na kushiba vizuri wiki ile. Nilivyokuwa, niliunyoosha mkono mezani ukiwa na mkanda wake wa chuma, nikawaambia kila kitu: ganzi, chupa ya mafuta, fundi wa mawe, nyota za mchana. Niliwaonyesha kijimto cha zambarau na nundu ya ng'ombe. Walinisikiliza kwa adabu, na niliona kabisa hawaamini.

"Lakini hiyo ni kazi ya kukaa," mweka hazina akasema. "Kukaa inavunja mkono namna gani?"

Nikampa mama wa ndengu hedifoni, sauti nimeipandisha mpaka nami niisikie. Nilikuwa katikati ya mazungumzo ya mzee mmoja wa Tseikuru aliyekuwa akieleza ngamia na ng'ombe wanavyogombea kisima. "Msikilize," nikamwambia. "Akisema maneno machache uniambie simama. Mimi nitaandika. Kisha useme rudi, turudie kama sikusikia vizuri."

Tukaanza. Simama. Rudi. Simama. Mkono unaruka kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya, unabonyeza, unarudi kwenye kibodi. Simama. Rudi. Mwanzoni alikuwa anacheka, anafurahia lafudhi ya kule. Halafu akaacha kucheka. Maelezo ya yule mzee yalikuwa hayajafika hata kisimani mama wa ndengu alipovua hedifoni akaiweka mezani.

"Aiya," akasema. "Na huyu mzee ako na maneno mengi kiasi gani?"

"Ya leo peke yake, mpaka jioni."

Aliwageukia wenzake. "Huyu mtu analima," akawaambia. "Analima na kidole."

Miaka yote ile nilikuwa nimengoja mtu wa Tulia aseme hivyo. Waliuombea mkono wangu wakiwa wamenyoosha mikono yao juu yake bila kuugusa, wakanywa chai ikiwa imepoa, na mlangoni mwenyekiti akaniahidi kwamba watawaambia watu, ili nisiwe na haja ya kukimbia tena. Niliwashukuru kwa moyo wangu wote.

Jumapili iliyofuata mchungaji alitangaza baada ya matoleo. Dada yetu anaumwa mkono kwa sababu ya kazi yake, ambayo ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo tukitoka nje tumsalimu kwa macho. Watu wakacheka, nami nikacheka. Na kwenye mstari kila mtu aliweka kiganja kifuani akainamisha kichwa kidogo. Fundi wa mawe aliinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Mama wa ndengu alificha mikono yote miwili ndani ya leso yake ili isimponyoke, akaniambia, "Pole, mwaitu. Pole sana." Siku hiyo ilinitosha. Nilikuwa nimerudi kwa watu, na jina langu lilikuwa safi.

Kumbe pia lile jambo la simama na rudi lilikuwa limenifungua macho mimi mwenyewe. Nilikuwa nimehangaika na vipanya kana kwamba ni kuandika kunakoniua. Kuandika hakukuwa na ubaya mkubwa. Kilichoniua ni kule kuruka: kusimamisha sauti, kuirudisha, kuichezesha tena, siku nzima. Kazi hiyo haikuhitaji kidole. Niliwaandikia wanaonipa kazi, nikauliza, na mmoja akanijibu kwamba kuna pedali, unaiweka chini ya meza, unakanyaga sauti inacheza, unaachilia inasimama, unagusa upande inarudi nyuma. Nimekulia nyumba yenye cherehani ya kukanyaga. Niliisoma ile barua pepe nikajicheka kwa sauti.

Pedali ilitoka Nairobi ikaja na gari la vifurushi. Siku za kwanza mguu haukuwa na akili, unaachilia mapema, unakanyaga wakati sitaki. Siku moja nilikuwa jikoni, nikasikia mwanamume anaongea ndani ya nyumba, nikaingia na mwiko. Kuku alikuwa amepanda juu ya pedali na mzee wa Tseikuru alikuwa anamweleza habari za malisho. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza wote wawili kwa muda kabla ya kumfukuza.

Kilichobaki kilikuwa kipanya. Nilirudi kwa mama wa duka na nundu yangu mkononi na aibu yangu usoni. Hakunisuta. Tulijaribu vitu, yeye akifungua maboksi, mimi nikishika. Kuna kile cha mpira unaozungushwa kwa kidole gumba. Niliuhisi ukiamsha maumivu ya gumba papo hapo, nikakirudisha. Kuna kingine mpira wake uko katikati, unazungushwa kwa vidole virefu, chombo chenyewe hakisogei, kimekaa tu kama bakuli. Kilikuwa hakina kulia wala kushoto.

"Hiki waweza kukitumia kwa mkono wowote," akasema.

Kwetu Kalamba mkono wa kushoto ulikuwa wa kazi zisizotajwa mezani. Ukipokea kitu kwa kushoto ulipigwa kofi. Hautoi, haupokei, hausalimii. Nilisimama pale kaunta nikauangalia ule mkono usio na heshima yoyote katika maisha yangu, na nikaona hesabu yote imekaa sawa: kushoto uchukue kipanya, mguu uchukue sauti, na wa kulia uachiwe kuandika kidogo na kupona. Kupona kwa ajili ya Jumapili. Sikuwa na nia nyingine. Watu hubadilisha vifaa ili wafanye kazi zaidi. Mimi nilitaka mkono wa kusalimia.

Kibodi niliyonunua ilikuwa fupi, isiyo na zile namba za pembeni, ili mikono isitanuke. Laptopu nikaiinua juu ya matofali mawili niliyoyafunga kwa kitambaa. Mkono wa kushoto ulikuwa mjinga kuliko mguu. Mshale ulikuwa unatangatanga kwenye skrini kama mlevi anayetafuta kwake. Lakini nilikuwa na muda, na sikuwa na mtu wa kunicheka, na safari hii hilo lilikuwa faida.

Wa kulia ulipona taratibu, kama ulivyoumia. Kwanza nililala bila ganzi. Kisha nikakamua kitambaa. Msimu wa ndengu ulipokwisha na watu wameshapura, nilisonga ugali mgumu wa kutosha watu wanne, nikaugeuza na kuukandamiza kwa mkono wa kulia mpaka sufuria ikalia, na hakuna kilichouma. Niliula peke yangu siku mbili. Nilimpigia binti yangu nikamwonyesha mkono kwenye skrini, nikaufumba na kuufumbua. Akasema, "Mum, hiyo ni poa sana," naye akafumba na kufumbua wake.

Jumapili iliyofuata niliuacha mkanda wa chuma nyumbani. Nilijifunga leso nzuri. Sikusikia mahubiri, nakiri, nilikuwa napanga majibu: mtoto amepiga simu, mbuzi amezaa pacha, mmoja hakuishi.

Tukatoka. Nilimnyooshea mchungaji mkono. Akaweka kiganja kifuani akainama, akitabasamu. Nikasema, "Mchungaji, nimepona."

"Amina! Mungu ni mwema," akasema, na kiganja kikabaki kifuani.

Mzee wa kwanza akainama. Wa pili akainama. Kila mmoja nilimwambia nimepona, na kila mmoja alifurahi kwa dhati, akamshukuru Mungu, akaurudisha mkono wake kifuani kwa upole uleule. Fundi wa mawe alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama," akasema, "mimi nilikuumiza mara ya kwanza, siwezi rudia." Watoto walikuwa wameshafundishwa, waliinama wote kwa pamoja, wakasukumana wakicheka. Nilipita mbele ya mstari mzima mkono wangu ukiwa mbele, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na ubaya nami.

Mama wa ndengu alikuwa karibu na mwisho. Aliniona nakuja, na mikono ikaingia ndani ya leso.

"Mama, nipe mkono."

"Aai, mwaitu, tusiharibu. Imepona juzi tu."

"Nipe."

Akanipa. Akautoa polepole akaniwekea kiganjani, vidole vimelegea, kama unavyompa mkono mgonjwa aliye kitandani. Ulikuwa mkavu na wa moto. Niliufinya. Niliukaza kwa nguvu zote nilizokuwa nimezihifadhi miezi ile, na wake ukakaa tu ndani ya wangu, hausukumi, hautikisi.

"Finya, mama," nikamwambia. "Haiumi. Finya."

Alinitazama kwa huruma sana. "Sitafinya," akasema. "Hiyo mkono ndiyo jembe yako. Mimi nikiivunja, utakula nini? Enda, enda upumzike."

Akauvuta mkono wake kidogo kidogo, kwa uangalifu, asije akaniumiza. Hakuniuliza kitu. Nyuma yangu alikuwa anakuja mke wa fundi wa mawe, nami nikasonga nimpishe. Nilisikia kiganja kikikamatwa, na yule mama akaanza kumuuliza kwao kuko aje.